Mashamba saba, mguu mmoja: Hanang inavyojibu swali la tovuti ngapi

Tuseme unatoka Endasak, wilaya ya Hanang. Uko chuo, mkopo haujaingia, na rafiki yako amekuonyesha kazi ya tovuti za kamisheni. Unaandika kuhusu simu, vitabu au vifaa vya shamba, unaweka linki ya duka, mtu akinunua kupitia linki hiyo unapata asilimia yako. Mwezi huu umeona kitu, mwezi ujao patupu. Swali linakuja lenyewe: nifungue ngapi ili hela iingie bila kuyumba? Tatu? Kumi? Ishirini?

Kabla hujalipia jina la tovuti ya pili, rudi nyumbani kidogo. Swali hili lina historia ndefu Hanang. Tofauti ni kwamba waliolijibu kwanza hawakuwa na tovuti, walikuwa na ng'ombe.

Ng'ombe wako wako kwa nani?

Wairaqw, na majirani zao Wabarbaig ambao ni tawi la Wadatoga, hawakuwa na desturi ya kuacha mali yote kwenye boma moja. Mwenye ng'ombe wengi aliwapeleka baadhi kwa rafiki au ndugu wa mbali wakatunzwe huko. Kwa Wairaqw, mtunzaji alipata maziwa na samadi ya kurutubisha shamba. Ng'ombe na ndama wake walibaki mali ya mwenyewe. Kwa hiyo kuhesabu ng'ombe bomani hakukuambii utajiri wa mtu. Waliopo pale huenda si wake, na walio wake huenda hawapo pale.

Kwa nini wajisumbue hivyo? Angalia Mlima Hanang, unaopanda zaidi ya mita 3,400. Miteremko yake inaweza kulowa wakati tambarare za Basotu zimekauka. Ugonjwa ukiingia boma hili, la mbali linaweza kupona. Wezi wakija usiku, hawawezi kuchukua kila kitu.

Wanauchumi waliliandikia jambo hili hesabu baadaye. Mwaka 1952 Mmarekani Harry Markowitz, akiwa bado hajamaliza udaktari wake, alichapisha makala kuhusu namna ya kugawa fedha kwenye hisa mbalimbali. Mwaka 1990 kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel ya uchumi. Twende nayo taratibu.

Tuseme kuyumba kwa kipato cha tovuti moja ni 100. Ukikigawa kipato hichohicho sawasawa kwenye tovuti nne zisizohusiana kabisa, kuyumba kunashuka hadi 50. Ukifika 16, kunashuka hadi 25. Unagawanya kwa kipeuo cha pili cha idadi, basi. Ona bei yake: kupunguza nusu ya kwanza kumekugharimu tovuti tatu za ziada, nusu ya pili imekugharimu 12.

Na hiyo ndiyo hali nzuri. Sasa chukulia kwamba nusu ya misukosuko ya tovuti zako inatoka chanzo kimoja. Tovuti nne zinakupa 79, na 16 zinakupa 73. Umefanya kazi mara nne zaidi ili upunguze pointi sita. Hata ukifungua 1,000, hutashuka chini ya 70. Kinachokuzuia hapo si uvivu. Ni kile chanzo kimoja.

Siku mabomba yote yanapokauka pamoja

Wafugaji walilijua hili kwa uchungu. Mwishoni mwa miaka ya 1880 ugonjwa wa sotoka uliingia kaskazini-mashariki mwa Afrika, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 ulikuwa umeshafika huku kwetu. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki zilipoteza ng'ombe walio wengi. Virusi havikuuliza boma hili ni la nani. Mwenye ng'ombe bomani kumi na mwenye boma moja walilia pamoja.

Ila somo kali zaidi la Hanang halikuletwa na virusi. Lililetwa na ngano.

Wabarbaig walikuwa na mzunguko wa malisho. Mtafiti Charles Lane, aliyeishi nao miaka ya 1980, alieleza aina nane za malisho walizozitofautisha na kuzitumia kwa zamu kufuata msimu. Aina mojawapo, muhajega, ni mabonde yenye udongo mzito na majani mazuri. Mgeni akiyakuta hayana ng'ombe, anadhani ni ardhi iliyokaa bure. Kumbe imepumzishwa.

Kuanzia miaka ya 1970, shirika la serikali NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba ya ngano kwenye tambarare za Basotu. Yalifika saba, jumla ekari kama 100,000, na muhajega ikawa miongoni mwa ardhi iliyolimwa. Mwaka 1981 wanakijiji wa Mulbadaw walifungua kesi Mahakama Kuu, Arusha. Walishinda, kisha Mahakama ya Rufani ikawapokonya ushindi huo.

Sasa linganisha. Upande mmoja malisho nane ya aina nane: moja likikauka, lingine bado. Upande wa pili mashamba saba, lakini zao moja, mvua moja, na mashine, vipuri na wataalamu waliotegemea mfadhili mmoja. Ukihesabu majina, ni saba. Ukihesabu miguu yaliyosimamia, hayafiki mbali. Kanada ilipojitoa miaka ya 1990, hakukuwa na shamba la kubeba jingine. Na Wabarbaig, waliokuwa wamenyang'anywa kiungo kimoja tu cha mzunguko wao, waligundua kwamba mzunguko wote umelegea, kwa sababu ng'ombe waliokosa muhajega walilazimika kukaa kwingine muda mrefu kupita kiasi.

Rudi kwenye kompyuta yako

Tovuti za kamisheni nazo zina sotoka yao. Februari 2011 Google ilibadilisha namna inavyopanga majibu, mabadiliko yaliyoitwa Panda, na takriban asilimia 12 ya utafutaji nchini Marekani ukaguswa. Watu wenye makumi ya tovuti nyepesi waliona zote zikizama wiki moja. Aprili 2020 Amazon ilishusha kamisheni za bidhaa nyingi. Za samani zilitoka asilimia 8 hadi 3. Mwenye tovuti kumi, wasomaji wote kutoka Google, malipo yote kutoka Amazon, huyo ni NAFCO ya Basotu. Ana mashamba, hana miguu.

Basi usianze na "ngapi". Chukua karatasi, uandike kila tovuti na majibu ya maswali matatu: wasomaji wanatoka wapi? Nani analipa? Wananunua msimu gani? Tovuti mbili zenye majibu yaleyale zihesabu kuwa moja.

Kisha hesabu mikono yako. Ukiwa na saa 12 kwa wiki, tovuti tatu zinapata saa nne kila moja. Tovuti 12 zinapata saa moja moja, na tovuti ya saa moja kwa wiki ni ndama asiye na mchungaji. Njia mbili zilimshinda fisi, sembuse 12.

Kwa mwanafunzi, jibu langu ni mbili, zikizidi sana tatu. Simamisha ya kwanza mpaka ijilipie. Ya pili iwe ya malisho mengine kabisa: kama ya kwanza inalishwa na Google na kulipwa na duka la nje, hii iwe na wasomaji wanaokujia wenyewe, labda kupitia kundi la WhatsApp la wakulima, na mlipaji mwingine. Ukitaka ya tatu na saa zimekwisha, fanya walivyofanya wazee: mpe rafiki aitunze. Maziwa yake, ng'ombe wako.

Na ukirudi Endasak likizo, muulize babu ng'ombe wake wako kwa nani. Usishangae akikataa kukujibu.