Kutoa, Kushiriki, Kupasha Habari: Historia ya Kitenzi Kimoja cha Kiingereza

Msomaji wa siku hizi afunguapo Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, katika Waebrania 13:16 hukuta waumini wakiagizwa wasisahau kutenda mema na "communicate". Akilichukua neno hilo kwa maana yake ya sasa, atadhani wanahimizwa kupelekeana habari. Sivyo. Mwandishi wa waraka anasema juu ya kugawana mali.

Chimbuko la kitenzi hicho ni communicare cha Kilatini, yaani kukifanya kitu kiwe cha wote. Nacho kina uhusiano na munus, neno lenye maana ya wajibu na pia zawadi. Biblia ya Kilatini ilikitumia kufasiri koinonein cha Kiyunani. Ndiyo sababu wafasiri wa 1611 walikiweka katika Wagalatia 6:6, mwanafunzi anapotakiwa kumgawia mwalimu wake, na katika Wafilipi 4:14-15, Paulo anapowashukuru waliomsaidia katika dhiki.

Kitabu cha Sala cha Kanisa la Uingereza cha mwaka 1662 kinaonyesha maana ya pili: kushiriki Meza ya Bwana. Humo kila mshirika anaagizwa kufanya hivyo angalau mara tatu kwa mwaka, mojawapo ikiwa Pasaka. Jamaa za kitenzi hicho ni "communion", yaani ushirika, na "excommunicate", yaani kumtenga mtu na ushirika huo. Hivyo neno moja lilibeba sadaka na sakramenti pamoja.

Baadaye maana ya kupasha habari ilizishinda hizo nyingine. Wafasiri wa Agano Jipya la Kiingereza lililotolewa Marekani mwaka 1946 walikiacha kitenzi hicho katika Waebrania 13:16, wakaweka "share", neno ambalo asili yake ni kukata na kupata fungu. Maana ya kutoa ilihifadhiwa, lakini uhusiano wake na Meza haukuonekana tena katika neno lenyewe.

Luther hakuruhusu viwili hivyo vitengane. Katika mahubiri yake ya mwaka 1519 juu ya Sakramenti ya Mwili wa Kristo, alifundisha kwamba apokeaye hujitwika pia mahitaji ya wenzake, naye akavikemea vyama vya udugu vilivyotumia fedha kwa ulevi na karamu. Mwaka 1523 aliandika dibaji ya utaratibu wa hazina ya pamoja ya usharika wa Leisnig, ambayo ilipaswa kuwatunza wachungaji, shule na maskini.

Kiswahili chetu kimepewa neema ambayo Kiingereza kimeipoteza. Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 inatumia shina moja la -shiriki katika mafungu yote matatu tuliyoyataja. Kutokana na shina hilo hilo twapata Ushirika Mtakatifu, mshirika, na usharika wenyewe. Lakini neno haliwezi kututendea kazi. Ikiwa mshirika anapokea mkate altareni, kisha anarudi nyumbani kulala njaa huku jirani yake wa benchi akijua, basi sisi nasi tumelipoteza neno hilo, ingawa tungali tunalitamka kila Jumapili. Hatuna budi, tunapowafundisha watu wetu juu ya Meza ya Bwana, kuwafundisha papo hapo juu ya mfuko wa diakonia.