King Oliver na Bendi ya Korneti Mbili

Joe Oliver, aliyejulikana zaidi kwa jina la King Oliver, alikuwa mpuliza korneti na kiongozi wa bendi kutoka New Orleans, Marekani. Korneti ni ndugu wa tarumbeta, ila ni fupi na sauti yake ni laini zaidi. Ndicho chombo kilichoongoza bendi za jazi hadi tarumbeta ilipochukua nafasi yake katika miaka ya 1920. Mwaka 1923 bendi ya Oliver ilitoa mkusanyo wa kwanza mkubwa wa santuri za jazi zilizopigwa na wanamuziki Weusi. Kwa santuri hizo, mtindo wa New Orleans ulisikika zaidi mbali na mji wake.

Oliver alizaliwa katika jimbo la Louisiana katika miaka ya 1880, akalelewa New Orleans. Katika mji huo vyama vya kuzikana vilikodi bendi za matarumbeta kwa mazishi na maandamano, nazo kumbi za dansi zilikesha na muziki. Oliver alianza na tromboni kabla ya kuhamia korneti. Kwa muda alikuwa mtumishi wa nyumbani huku akipiga muziki, tena akiwa anaona kwa jicho moja tu. Katika miaka ya 1910 alipiga katika mabaa ya Storyville, mtaa ulioruhusiwa kisheria kuwa na madanguro, na katika bendi ya mpiga tromboni Kid Ory. Jina la King, yaani mfalme, lilikuwa la heshima: kabla yake aliitwa hivyo Buddy Bolden, mpuliza korneti aliyepelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1907.

Novemba 1917 Storyville ilifungwa kwa shinikizo la Jeshi la Majini. Wakati huo Wamarekani Weusi kwa maelfu walikuwa wakihamia miji ya kaskazini, wakikimbia ubaguzi na kufuata ajira za viwanda wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Oliver naye alihamia Chicago mwaka 1918. Nafasi yake kwa Ory ilichukuliwa na kijana Louis Armstrong, ambaye Oliver alikuwa amemfundisha na kumpa korneti yake kuukuu. Kijana huyo alimlipa kwa kumtumikia mke wa Oliver, akitumwa huku na kule.

Baada ya safari ya California, Oliver alirudi Chicago mwaka 1922 na kuanza kupiga katika ukumbi wa Lincoln Gardens akiwa na Creole Jazz Band. Agosti mwaka huo alimwita Armstrong awe korneti ya pili, jambo lililokuwa adimu katika bendi za aina hiyo. Johnny Dodds alipuliza klarineti, mdogo wake Baby Dodds alipiga dramu, Honoré Dutrey tromboni na Lil Hardin piano.

Nguvu ya bendi ilikuwa katika kupiga kwa pamoja. Korneti ilishika wimbo, klarineti ikaupamba kwa juu, tromboni ikajibu kwa chini, na piano, banjo na dramu zikabeba mwendo. Pale bendi iliponyamaza kwa mapigo machache, Oliver na Armstrong waliijaza nafasi hiyo kwa sauti mbili zinazolingana. Wasikilizaji walidhani ni uchawi. Kumbe Oliver alimwonyesha mwenzake mapema, kwa vidole juu ya vali, noti alizokusudia kupiga.

Aprili 1923 bendi ilirekodi kwa kampuni ya Gennett mjini Richmond, Indiana. Maikrofoni ilikuwa haijaanza kutumika kurekodia santuri. Wanamuziki walipiga mbele ya pembe kubwa iliyopeleka mtikisiko wa sauti kwenye sindano, nayo ikachora nta. Mdundo mzito ungeweza kuirusha sindano, hivyo dramu zilipunguzwa, na Armstrong alisimama nyuma kwa sababu sauti yake ilizidi nguvu. Katika "Chimes Blues" anasikika kwenye solo yake ya kwanza kurekodiwa. Katika "Dipper Mouth Blues" Oliver mwenyewe anapiga solo akitumia kizibo, kifaa cha kuziba mdomo wa chombo, kuifanya korneti ilie kama mtu. Wapulizaji wengi waliikariri solo hiyo. Mpuliza tarumbeta Bubber Miley, aliyemsikia Oliver Chicago, aliupeleka ufundi wa vizibo katika bendi ya mpiga piano Duke Ellington.

Ugomvi wa malipo uliivunja bendi mwaka 1924, na Armstrong akaenda New York. Oliver aliunda Dixie Syncopators, bendi kubwa zaidi yenye saksafoni na muziki ulioandikwa, ikapiga katika ukumbi wa Plantation Café mjini Chicago hadi 1927. Mwaka huo naye alihamia New York. Alipopewa nafasi katika ukumbi wa Cotton Club aliikataa kwa kuona malipo ni madogo. Ellington aliichukua Desemba 1927, na matangazo ya redio kutoka ukumbi huo yakamfanya maarufu nchi nzima.

Ugonjwa wa fizi ulikuwa umeanza kumdhoofisha Oliver, na katika santuri zake za mwisho mara nyingi aliwaachia wengine solo. Mdororo wa uchumi ulikausha kazi, na akiba yake ilipotea benki ilipofilisika. Katika miaka ya 1930 alizunguka majimbo ya kusini kwa basi bovu hadi akakwama Savannah, Georgia, ambako aliuza matunda na kufagia ukumbi wa biliadi. Alifariki huko Aprili 1938, akazikwa New York kwa gharama ya dada yake.

Miaka michache baadaye, mwanamuziki Lu Watters wa San Francisco aliunda Yerba Buena Jazz Band kwa mpangilio uleule wa korneti mbili. Santuri za 1923 ndizo zilizokuwa mwongozo wake.