Ngitili

Ngitili (pia: ngitiri) ni eneo la malisho na miti ambalo jamii za wakulima-wafugaji wa Kisukuma, pamoja na baadhi ya majirani wao, hulifunga wakati wa masika ili nyasi zikue na kubaki akiba ya mifugo wakati wa kiangazi. Desturi hiyo inapatikana katika mikoa ya Shinyanga, Simiyu, Mwanza na sehemu za kaskazini za Mkoa wa Tabora nchini Tanzania, hasa wilaya za Igunga na Nzega. Tangu mwisho wa karne ya 20 ngitili imetajwa mara nyingi na wataalamu wa kilimo ikolojia na wa hifadhi ya bioanuwai kama mfano wa ardhi inayolisha watu na mifugo huku ikirudisha miti, ndege na nyuki.

Jinsi inavyofanya kazi

Mvua za ukanda huu huanza kwa kawaida Novemba na kuisha Aprili au Mei. Zinapoanza, mwenye ngitili huondoa mifugo yote katika eneo lake. Nyasi huota, hutoa mbegu na kukaukia shambani zikiwa zimesimama. Ifikapo Julai au Agosti, malisho ya wazi yanapokuwa yamekwisha, ngitili hufunguliwa, na mara nyingi si yote kwa mara moja bali kipande baada ya kipande. Wanaotangulia kuingizwa ni ndama, ng'ombe wanaonyonyesha, wanyama dhaifu na maksai wa kulimia. Maksai aliyekonda hawezi kuvuta plau mvua za kwanza zikinyesha, na kaya iliyochelewa kulima katika nchi yenye mvua chache huvuna kidogo. Kwa hiyo ngitili, ingawa inaonekana ni jambo la ufugaji, inagusa moja kwa moja mavuno ya mtama, mahindi na pamba.

Zipo ngitili za kaya na ngitili za jumuiya, yaani za kijiji, za kikundi au za taasisi kama shule. Za kaya huwa ndogo na kwa kawaida ziko karibu na boma. Nyingi hazina uzio: mpaka hujulikana kwa mti, kichuguu, safu ya mikonge au ya minyaa. Kinacholinda nyasi ni kwamba jirani anajua mpaka uko wapi na anajua kitakachompata akiuvuka. Kesi za kuingiza ng'ombe katika ngitili ya mtu husikilizwa na wazee au mkutano wa hadhara uitwao dagashida, na utekelezaji umekuwa mikononi mwa Sungusungu, jeshi la jadi la ulinzi lililoenea katika mikoa ya Shinyanga na Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wizi wa mifugo. Adhabu ya kawaida ni faini.

Desturi zinazofanana nayo zinajulikana kwingine nchini: Wamasai wana alalili, na Wagogo wana milaga.

Ngitili haikai popote tu. Wasukuma hutofautisha udongo kwa majina yanayofuata mteremko wa ardhi, kutoka luseni, yaani udongo wa kichanga wa juu, kupitia itogolo ulio mgumu chini, hadi mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi ulio bondeni. Mihogo, karanga na viazi vitamu hupendelea luseni. Mpunga hulimwa kwenye majaruba, ambayo huhitaji udongo unaoshika maji. Ngitili hupewa mara nyingi ardhi isiyolimika kwa urahisi. Mpunga wenyewe ulifika huku katika karne ya 19 pamoja na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliopitia njia ya misafara ya Tabora.

Historia

Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliendesha kampeni kubwa ya kufyeka misitu ili kuangamiza mbung'o. Kituo cha utafiti kilikuwa Shinyanga, chini ya Charles Swynnerton. Miti ilikatwa kwa nguvu kazi ya vijiji vizima, na ardhi iliyofunguliwa ikajaa ng'ombe na mashamba. Baadaye kilimo cha pamba, idadi ya watu na mifugo iliyokuwa ikiongezeka, pamoja na mahitaji ya kuni, vilimaliza sehemu kubwa ya miti iliyobaki.

Pigo jingine lilikuja na Operesheni Vijiji ya miaka ya 1974 na 1975. Familia zilihamishiwa vijiji vya ujamaa, zikaacha maboma yao pamoja na ngitili zilizokuwa kando yake. Ardhi iliyokuwa na mwenyewe ikawa haina mlinzi. Ni vema kulisema hili wazi, kwa sababu maandishi mengi kuhusu uharibifu wa Usukuma humlaumu mfugaji na wingi wa ng'ombe wake, bila kutaja kwamba maamuzi mawili makubwa, la mbung'o na la vijiji, yalitoka serikalini.

Kufikia miaka ya 1980 Mkoa wa Shinyanga, ambao wakati huo ulijumuisha pia sehemu kubwa ya Simiyu ya leo, ulikuwa mkavu kiasi kwamba Rais Julius Nyerere aliuita jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, uliosaidiwa baadaye na Norwei na kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo misitu, ICRAF, chenye makao yake Nairobi.

Mwanzoni mradi uligawa miche kutoka vitalu vikubwa. Wananchi waliipokea kwa shingo upande, na miche mingi ilikufa. Mabadiliko yalikuja maafisa walipoanza kuuliza wazee watu walikuwa wanafanya nini zamani, na jibu likawa ngitili. Visiki na mizizi ya miti iliyokatwa ilikuwa bado hai ardhini. Kilichohitajika ni kuiacha ichipue. Migunga ya aina mbalimbali ilirudi yenyewe, bila kupandwa wala kumwagiliwa.

Mwaka 1986 ngitili zilizorekodiwa mkoani zilikuwa takriban hekta 600 tu. Utafiti wa mwaka 2003 katika vijiji 172 ulikuta ngitili zaidi ya 18,000, karibu zote za kaya, na makadirio ya mkoa mzima wenye vijiji 833 yalizidi hekta 300,000. Mwaka 2002 mradi ulipewa Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, na ulifungwa mwaka 2004.

Bioanuwai ndani ya ngitili

Tathmini iliyochapishwa mwaka 2005 na serikali ya Tanzania pamoja na Muungano wa Kimataifa wa Hifadhi ya Maumbile, IUCN, iliorodhesha spishi 152 za miti, vichaka na mimea itambaayo katika ngitili zilizochunguzwa, na spishi 145 za ndege. Baadhi ya wanyama waliokuwa wametoweka walionekana tena. Tathmini hiyohiyo ilikadiria faida ya ngitili kwa mtu mmoja kuwa dola 14 za Marekani kwa mwezi, wakati matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini Tanzania yalikuwa dola 8.50. Faida hizo zilitokana na kuni, nguzo za kujengea, malisho, dawa za miti shamba, asali, matunda na uyoga. Wanawake waliokuwa wakitumia saa nyingi kutafuta kuni walizipata karibu na nyumbani.

Si kila kiumbe aliyerudi alipokelewa kwa furaha. Fisi wanaokula mbuzi na ndege wanaokula mtama nao hupata maficho kwenye miti. Mwenye mtama huwa na hesabu yake tofauti na ya mtafiti wa ndege.

Igunga na tambarare ya Wembere

Wilaya ya Igunga iko upande wa kaskazini mashariki wa Mkoa wa Tabora. Msafiri anayetoka Singida huteremka mlima Sekenke na kuvuka tambarare ya Wembere kabla ya kufika mjini Igunga. Mito ya Wembere na Manonga hufurika wakati wa mvua na kuelekeza maji yake Ziwa Kitangiri. Wasukuma, Wanyamwezi, Wanyiramba na Wataturu wanaishi pamoja wilayani, baadhi wakilima pamba, mpunga, mtama na mahindi, wengine wakitegemea zaidi ng'ombe.

Wembere imeorodheshwa na shirika la BirdLife kati ya maeneo muhimu ya ndege duniani, kwa sababu ndege wa majini huzaliana humo kwa makundi makubwa miaka ya mvua nyingi. Humohumo huzaliana kwelea kwelea, ambao kundi lao moja linaweza kumaliza shamba la mtama au mpunga kwa siku chache. Njia iliyozoeleka ya kuwadhibiti ni kunyunyiza sumu ya fenthioni kwa ndege ya angani kwenye viota vyao. Sumu hiyo haichagui: huua pia ndege wengine, wakiwemo wale wanaokula wadudu waharibifu.

Hapa tofauti kati ya Igunga na wilaya nyingine za Tabora inafaa kuonekana. Kusini na magharibi, yaani Urambo, Kaliua na Sikonge, ni nchi ya miombo na tumbaku. Tumbaku hukaushwa kwa moto wa kuni, na misitu imelipa gharama hiyo. Kituo cha utafiti cha Tumbi, karibu na mji wa Tabora, kilishirikiana na ICRAF kujaribu mashamba ya miti ya kupokezana na mazao ili wakulima wapate kuni bila kuingia msituni. Mti mmojawapo uliokua haraka ulikuwa akasia kutoka Australia. Unatoa kuni nzuri, lakini shamba la mti mmoja wa kigeni haliwezi kulinganishwa na ngitili yenye makumi ya spishi za hapahapa, na ripoti zinazoweka vyote viwili chini ya jina moja la upandaji miti zinapoteza jambo la msingi.

Kilimo ikolojia katika mikataba ya kimataifa

Kilimo ikolojia ni namna ya kulima na kufuga inayotegemea uhusiano wa viumbe katika shamba (udongo, mimea, wadudu, mifugo, watu) badala ya kutegemea zaidi mbolea na sumu za viwandani. Neno lenyewe lilianza kutumiwa na mtaalamu wa kilimo Basil Bensin karibu na mwaka 1930. Mkataba wa Bioanuwai, uliotiwa saini Rio de Janeiro mwaka 1992 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 1996, haukulitaja. Mpango wa kazi kuhusu bioanuwai ya kilimo ulipitishwa na nchi wanachama katika mkutano wa Nairobi mwaka 2000. Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, liliitisha kongamano lake la kwanza la kilimo ikolojia mjini Roma mwaka 2014, na baadaye likatoa vipengele 10 vya kuutambua.

Hatua kubwa ilikuja tarehe 19 Desemba 2022, pale Mfumo wa Kimataifa wa Bioanuwai wa Kunming-Montreal ulipopitishwa ukiwa na malengo 23 ya kufikiwa kufikia mwaka 2030. Lengo la 10 linataja njia za kilimo ikolojia kwa jina, lakini limeliweka kando ya maneno mengine yanayoruhusu kuongeza tija kwa pembejeo za viwandani. Ni sentensi ya maafikiano, na kila upande huisoma unavyopenda. Lengo la 7 linataka hatari itokanayo na viuatilifu ipunguzwe angalau kwa nusu, jambo linalogusa moja kwa moja pamba na kwelea kwelea wa Igunga. Lengo la 3 linataka asilimia 30 ya nchi kavu na ya bahari ihifadhiwe.

Lengo hilo la 3 ndilo lenye uzito zaidi kwa ngitili. Eneo linaweza kuhesabiwa hata kama si hifadhi rasmi, mradi linatunzwa kwa namna inayolinda bioanuwai kwa muda mrefu. Maana yake ilikubaliwa na nchi wanachama huko Sharm el-Sheikh mwaka 2018, na haimtaki mwenye ardhi awe na nia ya kuhifadhi. Mfugaji anataka nyasi. Ndege ni ziada. Kwa maelezo hayo ngitili nyingi zingefaa. Wanaopendelea husema kutambuliwa kungezipa ulinzi dhidi ya kugawiwa wengine. Wenye wasiwasi hukumbuka wafugaji walioondolewa Ihefu, Usangu, mwaka 2006 kwa jina la kulinda maji na mazingira, wengi wao wakiwa Wasukuma waliohama baada ya malisho kwao kupungua, na huuliza nani atakayeamua siku ya kufungua nyasi ikiwa eneo limeandikwa kwenye orodha ya kimataifa.

Nchini, serikali ilizindua mwaka 2023 Mkakati wa Taifa wa Kilimo Ikolojia Hai wa 2023 hadi 2030.

Matatizo ya sasa

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu kaya kupata hati ya hakimiliki ya kimila, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inatambua misitu ya vijiji na ya vikundi. Hata hivyo ngitili nyingi hazina hati yoyote, kwa kuwa kupima ardhi kunagharimu fedha na muda.

Ngitili ya kaya hugawanywa kila baba anapofariki. Vipande vinavyobaki huwa vidogo mno kulisha hata jozi moja ya maksai, na kijana aliyepata ekari mbili huona faida zaidi kulima pamba au kuchoma mkaa. Wenye mifugo mingi nao hujifungia maeneo makubwa yaliyokuwa ya wote, na kaya zisizo na ng'ombe, zikiwemo nyingi zinazoongozwa na wanawake, hubaki na haki ya kuokota kuni tu, tena kwa ruhusa. Baadhi ya wenye ngitili hukodisha nyasi zao kwa fedha wakati wa ukame. Desturi hiyo imewasaidia wajane na wazee wasio na mifugo kupata kipato bila kukata miti.