Binti wa Mtemi na Mkwe Mfanyabiashara



Katika wilaya zetu za Tarime na Serengeti, posa si jambo la watu wawili peke yao. Wazee wa koo mbili huketi, ng'ombe huhesabiwa, na tangu siku ile wakwe huwa na haki na wajibu kati yao. Wahenga wetu waliijua thamani ya mali hiyo. Mwishoni mwa karne ya 19, baada ya sotoka na njaa kuteketeza mifugo, wawindaji wa Ikoma, Nata na Ishenyi walipeleka mikia ya nyumbu Usukumani na kurudi na mifugo. Mwenye mifugo aliweza kuoa. Hivyo biashara ikazaa ndoa.

Kwingineko mambo yalikwenda kinyume: ndoa ndiyo iliyofungua njia ya biashara. Tutazame Unyanyembe, yaani Tabora. Katika karne hiyo hiyo, Muhammed bin Juma, mfanyabiashara wa pembe za ndovu kutoka pwani, alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Huyu Muhammed ndiye baba wa Tippu Tip, aliyezaliwa na mke mwingine na kufariki Unguja mwaka 1905.

Faida ya ndoa ile ilikuwa dhahiri. Mgeni asiye na ndugu bara alitozwa hongo kila alikopita; mkwe wa mtemi alikuwa mtu wa nyumbani, mwenye ulinzi na mwenye kusikilizwa barazani. Mtemi naye alijipatia rafiki mwenye nguo na bunduki za pwani.

Lakini je, undugu uliofungwa kwa ajili ya pembe hudumu pembe zikigombaniwa? Fundikira alifariki mwishoni mwa miaka ya 1850. Mrithi wake, Mnywa Sere, alipowatoza wafanyabiashara kodi, walimpinga kwa silaha na kumsimika Mkasiwa badala yake. Vita viliendelea miaka kadhaa, hadi Mnywa Sere alipouawa mwaka 1865. Nyumba iliyokuwa imetoa binti ikawa uwanja wa mapigano. Wala tusisahau kwamba njia zile zile za misafara zilipitisha watumwa. Binti mmoja aliolewa kwa heshima. Mabinti wengine waliuzwa.

Desturi hii haikuwa ya Afrika peke yake. Huko Amerika Kaskazini, kandokando ya Ziwa Superior, wanunuzi wa ngozi zenye manyoya walioa katika koo za Waojibwe. Mwishoni mwa karne ya 18, John Johnston, mzaliwa wa Ireland, alimwoa Ozhaguscodaywayquay, binti wa kiongozi Waubojeeg. Mwandishi Anna Jameson alisimulia mwaka 1838 kwamba bibi arusi huyo alimkimbia mumewe katika siku za mwanzo, na baba yake akamrudisha kwa vitisho. Baadaye waliishi pamoja hadi Johnston alipofariki mwaka 1828, na binti yao Jane akawa mshairi. Tunaweza kuusifu mwisho wa habari hiyo, lakini tusiufiche mwanzo wake.

Ndugu zangu, hapo ndipo historia inapotugusa sisi. Jina la Karunde tunalipata katika kumbukumbu za maisha ya Tippu Tip, mtoto wa mumewe. Tunajua baba yake alikuwa nani na mumewe alifanya biashara gani. Je, yeye mwenyewe alitaka nini?

Kanisa linafundisha, katika kanuni ya 1057 ya Sheria zake za mwaka 1983, kwamba ndoa hufanywa na ridhaa ya wanaooana, na hakuna mamlaka ya kibinadamu iwezayo kutoa ridhaa hiyo kwa niaba yao. Mafundisho haya hayatukatazi kupeleka ng'ombe kwa wakwe. Mahari ni ishara njema ya shukrani na ya undugu. Yanatukataza kumhesabu binti pamoja na ng'ombe.

Basi, wazee wangu, siku mtakapoketi tena kwenye posa, kabla ng'ombe wa kwanza hajatajwa, mwiteni binti. Mwulizeni mbele ya wote, nanyi msubiri jibu lake, hata likiwa ni hapana.

Nawatakieni Dominika njema.