Ufafanuzi: Kanzidata inapopandishwa toleo, njia ya kurudi hufungwa wakati gani?

Jumapili tarehe 17 Juni 2012, wataalamu wa kompyuta wa kundi la benki za Royal Bank of Scotland nchini Uingereza waliweka toleo jipya la programu iliyosimamia kazi za usiku za kuhuisha akaunti za wateja. Kasoro zilipojitokeza, waliamua kuliondoa toleo hilo na kurejesha la zamani, bila kupima kwanza matokeo ya hatua hiyo. Matoleo hayo mawili hayakupatana, na kazi za usiku zikavurugika.

Wateja zaidi ya milioni 6.5 wa benki za RBS, NatWest na Ulster Bank waliathirika, baadhi yao kwa wiki kadhaa. Wapo waliojikuta ugenini bila fedha taslimu, wapo walioshindwa kulipa mikopo ya nyumba kwa wakati, na zipo taasisi zilizoshindwa kulipa mishahara ya wafanyakazi wao. Mwezi Novemba 2014, wasimamizi wa sekta ya fedha nchini humo walizitoza benki hizo faini ya jumla ya pauni milioni 56.

Programu hiyo haikuwa kanzidata, yaani hazina ya kumbukumbu yenyewe. Hata hivyo, tukio hilo linaonyesha jambo ambalo wasimamizi wa kanzidata hulazimika kulizingatia kila wanapofanya mabadiliko: kurudi nyuma ni kazi kamili yenye hatari zake, nayo huhitaji maandalizi sawa na ya kwenda mbele.

Jambo hili halipo mbali nasi. Katika ukanda wa Afrika Mashariki, fedha za watu wengi zimo ndani ya simu. Nchini Kenya, huduma ya M-Pesa ilianza Machi 2007, na mwezi Aprili 2015 mitambo yake ilihamishwa kutoka Ujerumani na kuletwa Kenya. Ujumbe unaowafikia wateja wa huduma za namna hii, ukitangaza kwamba miamala haitapatikana kwa saa chache za usiku, mara nyingi huashiria kazi kama hiyo tunayoieleza hapa.

Data moja, seva nyingi

Kanzidata iliyosambazwa ni ile ambayo data yake huhifadhiwa katika kompyuta kadhaa, ziitwazo seva, zinazofanya kazi kama kitu kimoja. Kila kumbukumbu huwa na nakala zaidi ya moja, aghalabu tatu, ili seva moja ikiharibika nyingine ziendelee kuwahudumia watu.

Mifumo mingi ya namna hii hufuata kanuni ya akidi, kama ilivyo katika mikutano. Mabadiliko hayakubaliwi mpaka zaidi ya nusu ya wenye nakala wayathibitishe. Penye seva tatu, akidi ni mbili; penye tano, akidi ni tatu. Kwa hiyo kundi la seva tatu linaweza kuvumilia kukosekana kwa seva moja tu. Zikikosekana mbili, ile iliyobaki hukataa kupokea maandishi mapya, kwa kuwa haina uhakika kwamba inachokijua ndicho ukweli wa kundi zima.

Kupanda kwa zamu

Kanuni hiyo ndiyo inayowezesha toleo kubadilishwa bila kuifunga huduma. Seva moja huondolewa kazini, hupewa programu mpya, hurudishwa, kisha husubiriwa mpaka ipate maandishi yote yaliyoipita ilipokuwa nje. Hapo ndipo seva ya pili huguswa. Kuharakisha na kuigusa ya pili kabla ya ya kwanza kulingana na wenzake ni kuhatarisha akidi.

Katika kanzidata ya MongoDB, kwa mfano, seva zenye nakala hutangulizwa, na ile inayoongoza huachwa iwe ya mwisho. Wakati wake ukifika, huamriwa kukabidhi uongozi kwa mojawapo ya zilizokwisha kubadilishwa, kisha nayo hushughulikiwa.

Katikati ya kazi hiyo, kundi huwa na seva za toleo la zamani na za toleo jipya kwa pamoja. Hicho ni kipindi cha tahadhari. Wasimamizi wa Cassandra huelekezwa wasibadili muundo wa majedwali, wasiongeze seva na wasifanye ukarabati wa nakala mpaka seva zote ziwe na toleo moja. Sababu ni kwamba seva za matoleo mawili zinaweza kuelewana katika kazi za kila siku, lakini zikashindwa kuelewana katika kazi hizo maalumu.

Mahali ambapo mlango hufungwa

Maadamu data iliyoandikwa inaweza kusomwa na toleo la zamani, kurudi kunawezekana: seva hurejeshewa programu ya awali kwa utaratibu uleule wa moja baada ya nyingine. Hali hubadilika pale toleo jipya linapoanza kuandika data kwa umbo jipya. Programu ya zamani haijui kulisoma umbo hilo, na kuirejesha hakusaidii tena.

Kwa sababu hiyo, baadhi ya kanzidata zimetenganisha hatua mbili: kuweka programu mpya, na kuruhusu tabia zake mpya. MongoDB huziacha tabia zinazobadili umbo la data zikiwa zimezimwa mpaka msimamizi atoe amri, na watengenezaji wake hushauri pawepo kipindi cha uangalizi kabla ya amri hiyo. CockroachDB huenda kinyume: seva zote zikishapata toleo kuu jipya, hukamilisha hatua ya pili yenyewe, isipokuwa msimamizi awe ameizuia mapema kwa mpangilio maalumu. Msimamizi asiyejua tofauti hiyo anaweza kulala akidhani njia ya kurudi ipo, na kuamka imekwisha kufungwa.

Nakala ya akiba ina gharama yake

Mlango ukishafungwa, kinachobaki ni nakala ya akiba iliyochukuliwa kabla ya kuanza kazi. Lakini kuirejesha ni kupoteza kila kilichoandikwa baada yake. Nakala ikichukuliwa saa nne usiku na kurejeshwa saa kumi na mbili asubuhi, malipo yote ya saa nane za katikati hayamo ndani yake.

Zaidi ya hayo, nakala hiyo sharti iwe imejaribiwa. Tarehe 31 Januari 2017, kampuni ya GitLab, inayohifadhi kazi za waandishi wa programu, ilipoteza data baada ya mhandisi kufuta faili katika seva isiyokusudiwa. Walipoitafuta nakala ya akiba waligundua kwamba haikuwepo. Kanzidata yao ilikuwa toleo la 9.6 la PostgreSQL, ilhali chombo cha kuchukua nakala kilikuwa cha toleo la 9.2, na kila mara kilishindwa kufanya kazi. Barua pepe za kutahadharisha nazo hazikuwafikia wahusika. Iliyowaokoa ni nakala nyingine iliyokuwa imechukuliwa kwa mkono takribani saa sita kabla ya tukio.

Kosa linapochelewa kuonekana

Si kila kasoro hujitokeza siku ya kazi. Mwishoni mwa Oktoba 2021, jukwaa la michezo la Roblox, lililokuwa na wachezaji milioni 50 kwa siku, lilizimika kwa saa 73. Miezi kadhaa kabla, wahandisi wake walikuwa wamepandisha Consul, hifadhi iliyosambazwa ambayo seva zao huitumia kutambuana, kutoka toleo la 1.9 hadi 1.10, kisha wakaanza kuiwasha hatua kwa hatua tabia yake mpya ya kusambaza taarifa. Siku moja kabla ya huduma kuzimika, waliiwasha pia katika sehemu yenye shughuli nyingi.

Mwanzoni ilidhaniwa kwamba mashine zimechoka, zikaletwa zenye nguvu zaidi, hali haikutengemaa. Kisha hifadhi ilirejeshwa kwenye nakala ya saa chache kabla ya tatizo. Tatizo likarudi, kwa kuwa asili yake haikuwa ndani ya data. Nafuu ilipatikana pale tabia ile mpya ilipozimwa. Kilichowachelewesha zaidi ni kwamba baadhi ya vyombo vyao vya uangalizi vilitegemea mfumo uleule uliokuwa umeanguka.

Mambo ya kuthibitishwa kabla ya kuanza

Kwa mujibu wa matukio haya, taasisi inayotunza data za watu inapaswa kuwa na majibu ya maswali matano kabla ya kugusa seva ya kwanza:

Kwanza, je, safari ya kwenda na ya kurudi zimefanyiwa majaribio kwenye mfumo wa pembeni wenye data inayofanana na ile halisi?

Pili, je, nakala ya akiba imewahi kurejeshwa na kusomwa, au inasadikiwa tu kuwa ipo?

Tatu, ni hatua ipi hasa inayofunga njia ya kurudi, na ni nani mwenye idhini ya kuitekeleza?

Nne, ni dalili zipi zitakazowalazimu wahusika kurudi nyuma, na je, zimeandikwa kabla uchovu wa usiku haujaingia?

Tano, je, vyombo vya uangalizi vitaendelea kufanya kazi hata mfumo wenyewe ukianguka?

Swali la tatu ndilo linalohitaji subira kubwa zaidi. Kuendesha programu mpya kwa siku kadhaa bila kuruhusu tabia zake mpya huonekana kama kuchelewesha kazi. Kwa hakika, hicho ndicho kipindi ambacho kosa linaweza kugunduliwa na kusahihishwa bila mteja kukosa mshahara wake.