Jinsi ya Kujenga Safu ya Mbele: Mwongozo wa Timu za Mtaa, Kutoka Mikinduri Hadi Kasarani

Kila timu ya mtaa iko na yule boy. Mbio zake ni kama Probox ya miraa inayokimbiza soko la Nairobi. Watu wamempa jina la straika fulani wa Ulaya, na mpango wa timu ni mmoja tu: piga mpira mbele, boy atajua cha kufanya.

Msimu wa kwanza mnashinda hadi mnaimbiwa sokoni. Msimu wa pili mabeki wamemsoma, wanamkaba wawili wawili. Msimu wa tatu msuli wa paja umekatika, na sasa ako stage ya boda akihadithia abiria venye alikuwa moto. Kama umekaa Mikinduri, Kianjai ama Muthara, huyo msee unamjua. Pengine ni wewe.

Shida haikuwa boy. Shida ni kudhani kwamba safu ya mbele ni mtu mmoja. Safu ya mbele ni mbogi ya watu wanne ama watano wenye wanajuana, wamepewa muda wa kukua, na majina yao yako kwa makaratasi. Hivi ndivyo inavyojengwa.

Nani ni nani pale mbele

Namba tisa ndiye straika wa kati. Kazi yake si kufunga pekee. Anashikilia mpira akiwa na beki mgongoni ndio wengine wafike, na anawavuta mabeki mahali hawataki kwenda.

Mawinga, saba na kumi na moja, wanapanua uwanja. Winga akikaa karibu na mstari, beki wa pembeni anamfuata, na nafasi inafunguka katikati. Akikimbilia ndani, anaacha njia kwa beki wa timu yake apande.

Namba kumi anacheza nyuma ya straika. Huyu ndiye anaona pasi kabla wengine hawajaiona. Mara nyingi si yule ana mbio. Ni yule anainua kichwa.

Halafu kuna mtu huwa anasahaulika: kiungo anayepanda kwa kuchelewa. Mabeki wote wakiwa wanaangalia straika, yeye anafika kwa boksi peke yake.

Sasa angalia timu yako. Kama una mawinga watatu wa mbio na hauna hata mmoja wa kushikilia mpira, hauna safu ya mbele. Uko na mbio za mita mia.

Anza na uwanja wako, si wa kwa TV

Makocha wengi wa mtaa hutazama mechi ya Uingereza Jumapili, Jumatatu wanataka vijana wacheze vile vile. Kwa ground vitu ni different. Viwanja vingi vya huku kando ya milima ya Nyambene vina mteremko, vumbi wakati wa kiangazi na matope mvua ikinyesha. Mpira unadunda vile unataka.

Kwa hivyo panga kulingana na hiyo. Uwanja ukiwa na mteremko, jua ni kipindi gani mtashambulia mkishuka, na hapo muongeze presha. Mkipanda, pasi ziwe fupi na namba tisa asogee karibu na viungo, juu mpira mrefu utakufa njiani. Kukiwa na matope, piga chini na mfuate kipa: ataugusa lakini hataushika.

Kujuana: wawili, halafu watatu

Safu nzuri huanza na watu wawili. Chukua straika na namba kumi, waweke pamoja kwa kila zoezi kwa mwezi mzima. Waanze na moja-mbili: napiga kwako, nakimbia, unanirudishia. Inaonekana rahisi hadi beki aongezwe.

Wakishazoea, ongeza winga. Sasa ni watatu dhidi ya mabeki wawili, kuanzia nusu ya uwanja, na sheria ni moja: lazima shuti lipigwe ndani ya sekunde kumi. Hapo wanajifunza kuamua haraka. Mwenye mpira anamkimbilia beki ili beki achague, na akichagua tu, pasi inaenda kwa yule ameachwa.

Kitu cha tatu ni kukimbia bila mpira. Kijana wa mtaa akiwa hana mpira husimama na kuinua mkono. Mfundishe mbio mbili: moja ya uongo kuelekea mpira, beki akifuata, halafu ya ukweli nyuma yake. Hiyo pia ndiyo dawa ya ofsaidi. Straika mwenye anaanza mbio kutoka pembeni akiona mstari wa mabeki hashikwi kirahisi kama yule anasimama nyuma yao akingoja.

Na mpira ukipotea? Hao washambuliaji ndio wa kwanza kukaba. Wakimfungia beki njia sekunde tano za kwanza, mara nyingi mpira unarudi karibu na goli, na hapo hauhitaji kupitisha watu kumi.

Kufunga si bahati

Goli lina upana wa mita 7.32 na urefu wa mita 2.44. Ni kubwa, lakini ukichoka linakuwa kama dirisha la matatu. Magoli mengi hufungwa ndani ya boksi, na mengi kwa mguso mmoja ama miwili. Kwa nini basi mazoezi yenu ni kupiga mashuti kutoka mita thelathini mkifuata kelele?

Fanya hivi: krosi kutoka kila upande, watu watatu wanaingia kwa boksi. Mmoja mlingoti wa karibu, mmoja wa mbali, mmoja anabaki pale kwa alama ya penalti. Kila mtu ana njia yake na haibadilishwi bila kuongea. Fanyeni mwisho wa mazoezi, miguu ikiwa mizito, juu mechi huamuliwa wakati kama huo.

Tumeona wapi hii ikifanya kazi

Mwaka wa 2015 Gor Mahia ya kocha Frank Nuttall ilichukua ligi bila kupoteza hata mechi moja. Mbele walikuwa na Michael Olunga na Meddie Kagere. Ukimkaba mmoja, mwingine ako huru. Hiyo ndiyo maana ya safu.

Olunga mwenyewe ni somo la subira. Alipitia Tusker na Thika United kabla ya Gor, kisha Djurgården ya Sweden, China, na Girona ya Uhispania, ambapo Januari 2018 alitoka benchi na kufunga hat-trick dhidi ya Las Palmas. Ni Japani, akiwa na Kashiwa Reysol, alipolipuka kabisa: goli 8 kwa mechi moja dhidi ya Kyoto Sanga mwaka 2019, kisha goli 28 za ligi kuu mwaka 2020 na tuzo ya mchezaji bora. Alikuwa na miaka 26. Na hakuwa peke yake. Pale Kashiwa alikuwa na watu kama Ataru Esaka wa kumlisha mipira. Sasa mbona kocha wa mtaa anamwambia kijana wa miaka 17 ameisha?

Angalia pia Harambee Stars ya Benni McCarthy kwa CHAN iliyochezwa Agosti 2025. Mechi tano, goli tano. DR Congo, Morocco na Zambia zote zilikufa 1-0. Ryan Ogam, wakati huo wa Tusker, alifunga dhidi ya Morocco na Zambia, kisha akaenda Wolfsberger AC ya Austria. Nchi nzima ilifurahia, na ilistahili. Lakini robo fainali na Madagascar iliisha 1-1, tukatolewa kwa penalti. Ukiishi kwa goli moja kila mechi, siku moja goli moja halitatosha. Hiyo ya pili haitengenezwi Kasarani. Inatengenezwa huku chini, mtoto akiwa na miaka 13.

Usimchome boy

Hapa ndio pa maana zaidi. Kijana mwenye mbio huchezea timu ya shule, ya mtaa, ya kanisa na ile ya harambee ya mwanasiasa, yote wiki moja. Asubuhi ya Jumamosi pengine ametoka kuchuma miraa. Saa nane anaambiwa akimbie dakika 90 bila kupasha misuli. Msuli wa nyuma ya paja ukikatika, anapakwa mafuta ya kuchua na wiki ijayo anarudishwa. Ndio hivyo talanta huisha.

Dawa haina bei. FIFA ina mpango wa kupasha mwili unaoitwa FIFA 11+. Unachukua kama dakika 20, hauhitaji jimu, na tafiti zimeonyesha kwamba timu zinazoufanya mara kwa mara huumia kidogo. Ndani yake kuna zoezi la kupiga magoti, mwenzako anakushika vifundo vya miguu, halafu unajishusha mbele polepole. Hilo ndilo ngao ya paja la mtu wa mbio.

Na kocha, ongea na wenzako. Kijana akicheza Jumamosi kwa shule, Jumapili kwako apumzike. Kushinda kombe la mbuzi si kitu kama utampoteza msimu mzima.

Makaratasi ni pesa

Hii wasee wengi hawajui. Sheria za FIFA zinasema mchezaji akiuzwa kutoka klabu ya nchi moja hadi ya nchi nyingine kabla mkataba wake kuisha, hadi asilimia 5 ya pesa hizo inagawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kila mwaka wa kumlea kati ya 12 na 15 ni asilimia 0.25 ya bei. Kuanzia 16 hadi 23 ni asilimia 0.5 kwa mwaka.

Piga hesabu. Kijana amekaa na timu yako kutoka miaka 13 hadi 17. Hiyo ni miaka mitatu ya 0.25 na miwili ya 0.5, jumla asilimia 1.75. Akiuzwa siku moja kwa shilingi milioni 20, fungu lenu ni Sh350,000. Hiyo ni mipira, jezi na nauli ya kufika Kinoru kwa muda mrefu.

Lakini kama klabu haijasajiliwa na shirikisho, na kijana hakuwa na usajili akiichezea kwa miaka hiyo, mnapata sufuri. Picha za WhatsApp si ushahidi. Kwa hivyo mwenye kalamu kwa timu ni muhimu kama namba tisa. Umri uandikwe wa ukweli pia. Mwenye anapunguziwa miaka leo ndiye anashikwa kesho akiwa karibu kuvuka.

Wiki ya timu yenye haina doh

Jumanne jioni: dakika 20 za kupasha mwili, moja-mbili kwa wawili wawili, halafu watatu dhidi ya wawili.

Alhamisi jioni: kupasha mwili tena, kukaba sekunde tano, krosi na mbio za boksi, kona mbili mlizokubaliana.

Ijumaa: kupumzika. Ndiyo, kupumzika.

Jumamosi: mechi. Mtu mmoja aandike kila shuti: nani alipiga, kutoka wapi, nani alitoa pasi. Baada ya mechi tano hiyo daftari itakuambia ukweli wenye mashabiki hawakwambii.

Jumapili: wenye walicheza sana wapumzike. Wa benchi wacheze watano kwa watano, juu safu ya mwaka ujao iko hapo kwa benchi.

Rudia hivyo msimu mzima kabla ya kubadilisha chochote. Safu ya mbele ni kama mti wa miraa: haupandi leo ukachuma kesho, na ukichuma vibaya unaukausha. Yule boy wa mbio mpe patna wa kumlisha, mtu wa kumkinga na karatasi ya kumtambua. Halafu siku akivuka, Mikinduri nzima itakuwa imevuka na yeye.