Istilahi za tiba ya mifugo

Ni msamiati ambao muuguzi wa wanyama hujifunza kwa vipande: mzizi, kiambishi awali na kiambishi tamati, vingi vya asili ya Kigiriki na Kilatini. Ajuaye kuwa “-itis” ni uvimbe wenye joto na maumivu, akisoma “mastitis” huona kiwele chekundu na maziwa yenye mabonge.



Mbele ya mfugaji wa Tudor, Mombasa, lugha hubadilika: kimeta, kichaa cha mbwa, ndigana. Hapa umakini ni lazima. Ndigana kali na ndigana baridi zote huenezwa na kupe, lakini ya kwanza husababishwa na kimelea Theileria, ya pili na bakteria Anaplasma, na dawa zake ni tofauti.